Wanasoka wa mtaani, msuli wa paja haungoji jimu

Kila msimu wa ligi za mtaani hapa Pwani, kuna mchezaji mwenye kasi anayeanguka akishika nyuma ya paja. Makocha wengi hujibu kwa kuongeza mbio za ufuoni. Mbio hujenga pumzi, lakini msuli huu unahitaji kubebeshwa uzito.

Uzito wa mwili wako unatosha. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole mgongo ukiwa umenyooka, hadi mikono iguse chini. Tafiti zimeonyesha kuwa timu zinazofanya zoezi hili hupata majeraha hayo kwa takriban nusu tu.

Muhimu ni ratiba. Wiki ya kwanza, fanya seti 2 za mara 5, siku moja pekee. Ongeza taratibu hadi wiki ya nne: seti 3 za mara 8 hadi 10, siku tatu zisizofuatana. Usianze karibu na mechi, kwani mwanzoni misuli huuma.

Ligi ikianza, bakisha siku moja kwa wiki. Ukiacha kabisa, nguvu hupotea. Kocha, dakika 10 hizo ni nafuu kuliko kumkosa winga wako kwa wiki kadhaa.