Moto wa kontena moja waweza kula mtaji wa wengi

Mwenye mzigo melini anaweza kutakiwa kuweka dhamana inayozidi nusu ya thamani ya bidhaa zake kabla ya kukabidhiwa, hata kama moto haukugusa kontena lake. Hayo yaliwapata wenye shehena katika meli Maersk Honam, iliyoshika moto katika Bahari ya Arabuni tarehe 6 Machi, 2018, ikitoka Singapore kuelekea Suez. Mabaharia watano kati ya 27 walifariki. Meli ilikuwa na makontena 7,860.

Moto wa melini huenea upesi kwa sababu ya chuma. Ukuta wa chuma huzuia ndimi za moto, lakini joto hulipitisha, kama sufuria juu ya jiko la mkaa. Bidhaa zilizo upande wa pili zinaweza kuwaka bila kuguswa na cheche. Aidha, hewa ya moto hupanda na kujikusanya juu, na chuma kilichopata moto sana huunguza hata vitu vilivyo mbali nacho.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa za SOLAS zinataka baadhi ya kuta, za daraja A-60, ziwekewe kizuia joto. Kwa dakika 60, wastani wa joto upande usiowaka haupaswi kupanda kwa zaidi ya nyuzi 140 za Sentigredi. Hata hivyo, si kila ukuta melini una kinga hiyo. Gesi ya kaboni dayoksaidi nayo hufukuza oksijeni lakini haipoozi chuma, hivyo mabaharia hulazimika kuzimwagia maji kuta kwa nje.

Gharama za uokoaji hugawanywa kwa wote, kwa utaratibu wa hasara ya pamoja. Kwa Maersk Honam, dhamana ya uokoaji ilipangwa asilimia 42.5 ya thamani ya mzigo, na ya hasara ya pamoja asilimia 11.5. Mwenye bidhaa za dola 10,000 alitakiwa kuweka dhamana ya dola 5,400. Aliyekata bima, kampuni yake ya bima ndiyo huibeba dhamana hiyo; asiyekata hutafuta fedha mwenyewe.

Mwagizaji akumbuke kuwa bei ya C&F haina bima ndani yake, tofauti na CIF. Bima ya mzigo, hata ile ya kiwango cha chini, kwa kawaida hulipia mchango wa hasara ya pamoja. Ni vyema ikakatwa kabla mzigo haujapakiwa.