Malindi kwa Macho ya Mtu wa Puge

Malindi ni mji wa Kenya, ukingoni mwa Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 120 kaskazini ya Mombasa, katika Kaunti ya Kilifi. Kwa sisi wa Puge, tunaokaa katikati ya barabara ya Nzega na Tabora, bahari ni habari ya kusimuliwa. Wazee wetu waliijua kuliko sisi. Walitoka Unyanyembe, huko huko Tabora, na pembe za ndovu mabegani, wakashuka hadi Bagamoyo, wakarudi na shanga, vitambaa vya merikani na nyaya za shaba. Leo mzigo ni begi la nguo. Basi hukupitisha Singida, Babati, Arusha na Moshi, unavuka mpaka Holili, unatokea Taveta na Voi hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi inakupitisha Mtwapa na daraja la Kilifi. Ni safari ndefu, na anayeuliza kwa nini asiishie Dar es Salaam au Tanga anauliza swali la haki.

Jibu langu ni kwamba Malindi ina vitu ambavyo kwingine utavifuata mbalimbali kwa nauli mbalimbali. Ndani ya nusu saa ya gari kutoka sokoni kuna hifadhi ya bahari, mji wa kale uliohamwa, hori la mikoko na msitu mkubwa. Na katika msitu huo, mtu wa Tabora atakuta jambo ambalo hakuna bango la watalii litakalomwambia. Nitalifikia.

Kwanza habari za Wareno, maana ndio walioipa Malindi jina lake katika vitabu vya dunia. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498. Huko Mombasa alikuwa amepokewa kwa mashaka na vitisho. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wa siku nyingi na Mombasa, akaona afadhali kumfanya mgeni huyu rafiki. Akampa chakula, maji na rubani wa kumwongoza, na mwezi uliofuata merikebu za Wareno zikatia nanga Calicut, India. Kutoka hapo, kwa karibu miaka mia moja, Malindi ilikuwa kituo chao kwenye pwani hii. Mwaka 1593 walihamia Mombasa wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi naye akahamia huko. Mji ukanyong'onyea.

Alama mbili za wakati ule zimebaki. Moja ni nguzo ya da Gama, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa nyeupe, yenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Imesimama juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi. Ya pili ni kanisa dogo la makuti lililozungukwa na makaburi. Padri Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na mmoja wa waliokufa safarini akazikwa hapa. Mimi kanisa hili lilinigusa kuliko nguzo. Nguzo ilijengwa ili ionekane na walio baharini; kanisa ni dogo kiasi kwamba sauti ya kawaida inalijaza, na mtu anaingia akijua kwamba waliolijenga waliogopa kufa mbali na kwao.

Tusisahau pia kilichokuja na merikebu hizo hadi kwetu. Mahindi, muhogo, karanga na tumbaku ni mazao ya Amerika, na Wareno ndio waliokuwa mstari wa mbele kuyavusha bahari na kuyaleta Afrika. Ugali wa Puge na mabani ya tumbaku ya Urambo vina asili upande ule. Si kwamba Wareno walitutakia mema, kwani waliipora Kilwa, wakaipora Mombasa na kuichoma. Lakini mkulima wa Nzega anayesimama chini ya nguzo ile anasimama kwenye njia iliyoleta mbegu zake.

Mji ulipofufuka, katika karne ya 19, ulifufuliwa na Sultani wa Zanzibar kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta, na waliolima walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu anayetoka kwenye njia ya misafara hawezi kupita juu yake kimyakimya.

Sasa bahari. Jambo la kwanza la kujifunza Malindi ni kwamba huko saa haziongozwi na jua peke yake. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kazi hufuata. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yanapwa mbali kabisa na miamba kuachwa wazi. Ndipo wavuvi wa pweza hutoka na mikuki wakichungulia mashimo ya mwamba. Ukienda ufukweni bila kuuliza, unaweza kukuta bahari imeondoka, umebaki na mchanga na majani.

Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya jirani ya Watamu, na zote mbili ni za kwanza za aina yake Kenya. Mashua zenye kioo kwenye sakafu huondoka maji yanapopwa, kwa kuwa matumbawe huonekana vizuri kina kikiwa kifupi. Mwongozaji huzima mashine, akaiacha mashua ielee. Chini unaona tumbawe lenye umbo la ubongo, jingine la matawi kama ya mti wa mkwaju, na samaki wa manjano wenye milia myeusi wakipita kati yake bila haraka yoyote. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuvua, kuokota kombe wala kuvunja tumbawe. Mwaka 1998 maji yalipata joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii ikageuka nyeupe na kufa. Yanarudi polepole. Ninakuomba, msomaji wangu, ukishuka majini usiyakanyage. Kilichoota kwa miaka mingi huvunjika kwa unyayo mmoja.

Ufukwe wa mjini wenyewe si mweupe mwaka mzima. Kaskazini ya mji ndipo Mto Sabaki unapoingia baharini, na mvua zikinyesha huko juu mto hushusha tope jekundu ambalo hutia bahari rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo umetoka mbali, hata kwenye nyanda za juu za karibu na Nairobi, kwa mashamba yasiyo na makingamaji. Anayetaka mchanga mweupe na maji ya buluu aende Watamu. Anayependa ndege asidharau mdomo wa Sabaki, kwani heroe na ndege wengine wa majini hutua pale kwa makundi, na viboko huishi mtoni hatua chache kutoka kwenye chumvi.

Chakula nakiongezea nafasi, maana ndicho kinachowaleta wengi. Sisi Puge samaki wetu ni sato na sangara wa Mwanza waliosafiri kwenye barafu, na dagaa wakavu wa Kigoma. Malindi, mashua zikirudi, samaki wanamwagwa na kuuzwa papo hapo: changu, chewa, tafi, kolekole, nguru, jodari, na msimu ukiwa mzuri sulisuli mwenye pua ndefu kama mkuki. Kambakoche na kamba wakubwa wengi huishia hotelini, kwa Waitaliano, ambao wamekaa Malindi kwa wingi tangu miaka ya 1960 na 1970 hata vijana wengi wa mjini wanasema Kiitaliano. Ukitaka tambi za ngisi utazipata, na ni tamu. Lakini ushauri wangu ni kula wanachokula wenyeji.

Kuna samaki wa kupaka. Nilimtazama mama mmoja akimtengeneza changu, kibandani nyuma ya soko. Alimpasua mgongoni, akamlaza wazi, akamchanja, akamsugua tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Wakati samaki akishika rangi kwenye makaa, sufuria ya pembeni ilikuwa na tui zito likichemka taratibu na manjano na ukwaju. Akawa analipaka tui hilo juu ya samaki, anamgeuza, anapaka tena, mara nyingi, mpaka likafanya ganda la rangi ya dhahabu linalonata. Hakuna moto mkali na hakuna kuharakishwa. Nilimwuliza, "Shikamoo mama, unajuaje kama ameiva?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Tui likiacha kulia kwenye makaa, basi." Huliwa na wali wa nazi na kachumbari. Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi hutosha kukufikisha mchana. Jioni, uliza supu ya pweza. Pweza mwenyewe hupigwapigwa kwanza ili alainike, na mtu wa bara aliyewahi kumkataa kwa sura humkubali kwa mchuzi.

Kusini kidogo, Gede. Huu ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti wa Ijumaa, jumba la mtawala, nyumba za mawe na visima virefu, ukakaliwa kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17. Waliouchimba kuanzia mwaka 1948, wakiongozwa na James Kirkman, walikuta vyombo vya Kichina na shanga za Venice. Kaburi moja lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Cha ajabu ni kwamba Wareno, waliokaa Malindi karibu kabisa, hawakuutaja. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mibuyu na mizizi imekumbatia kuta, na tumbili wanarukaruka juu ya misikiti.

Ng'ambo ya barabara ya Mombasa, hapo hapo Gede, unaanza Msitu wa Arabuko-Sokoke. Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa kuliko yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki kwa kipande kimoja. Ndani mwake kuna tembo, bundi mdogo wa Sokoke asiyezidi urefu wa kiganja na vidole, na sange mkubwa mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu anayechokora majani makavu kwa pua yake. Ukitembea ndani na mwongozaji, msitu mzito unaisha ghafla, mchanga unakuwa mweupe, na miti inasimama kwa nafasi, matawi yametanda juu, mwanga unafika chini. Hapo mtu wa Tabora husimama. Ni miombo. Mti ule wenyeji wa Kigiriama huuita mrihi, nasi kwetu ni mtundu, ule ule tunaotundikia mizinga kutoka Sikonge hadi Puge. Unaota hapa kwa sababu ile ile: mchanga ni maskini, na mti huu umezoea umaskini wa udongo. Sikuwa nimetarajia kukanyaga majani yake makavu nikiwa karibu na bahari namna hii.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa Nzega na Uyui watazame kwa makini. Zamani majirani wengi wa msitu huu walitaka ukatwe wagawiwe mashamba, kwa kuwa haukuwapa ila tembo na nyani wa kuwalia mahindi. Mwaka 1993 ukaanzishwa Mradi wa Kipepeo. Wakulima wanafuga viwavi wa vipepeo wa msituni kwa majani wanayochuma, wanauza mabuu yaliyojifunga, na mabuu hayo hupelekwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Asali ya msitu nayo huuzwa hapo. Kipepeo hawezi kupatikana bila msitu, hivyo aliyetaka shoka akaanza kuulinda. Sisi tunakata miombo kukaushia tumbaku, tukingojea mvua zilezile. Asali yetu ni nyingi na nzuri kuliko yao. Tunachokosa ni ile hesabu ya kumfanya mwenye shamba apate fedha mti ukiwa umesimama.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi Hori la Mida, upande wa bahari. Kikundi cha Dabaso kinatunza mikoko, kinanenepesha kaa ndani ya vizimba, na kina mgahawa wa miti juu ya maji ambako utakula sambusa za kaa huku ndege waliohama baridi ya Urusi wakitafuta minyoo kwenye tope. Watamu, mvuvi aliyenasa kasa wavuni kwa bahati mbaya huwapigia simu watu wa hifadhi ya kasa badala ya kumchinja, na hupewa kifuta jasho kidogo kwa wavu wake na muda wake.

Marafa, bara kidogo, mmomonyoko umechonga makorongo ya rangi nyekundu, nyeupe na waridi ambayo Wagiriama huyaita Nyari. Wanasimulia kwamba palikaa matajiri waliooga maziwa, Mungu akawadidimiza. Mfugaji wa kwetu hahitaji kuelezwa ukubwa wa kosa hilo. Fika jioni, jua likiwa chini.

Kwa anayejiandaa: chukua pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwenye hifadhi taja kwamba wewe ni raia wa Afrika Mashariki, uonyeshe kitambulisho, kwani viingilio si vile vya wageni wa mbali. Epuka Aprili na Mei, upepo wa kusi ukianza, bahari ikiwa chafu na mashua nyingi zikiwa nchi kavu. Kuanzia Desemba hadi Machi ni upepo wa kaskazi, maji maangavu na samaki tele, lakini hoteli hujaa na bei hupanda. Mimi ningechagua Oktoba au Novemba, kati ya pepo mbili, bahari ikiwa tulivu. Kabla ya kukata tiketi Nzega, tazama kwanza kalenda ya mwezi, ufike siku za bamvua.