Kila mtu na kazi inayomfaa



Mtu anaomba kuendesha kamyo kubwa ya mgodini. Anaitwa, anaonyeshwa kitabu cha vidoa vya rangi, anabonyeza kifungo kila taa inapowaka, kisha anapewa karatasi ndefu yenye maulizo juu ya tabia yake. Siku chache baadaye anaambiwa: «Kamyo, hapana. Karakana, ndiyo.» Anarudi nyumbani na hasira. Majirani wanasema kuna mtu amemfanyia fitina.

Tueleze basi mitihani hii inatafuta nini.

Tuanze na rangi. Mwaka 1875, huko Lagerlunda katika nchi ya Uswidi, treni mbili ziligongana na watu 9 wakafa. Profesa Frithiof Holmgren alifikiri kwamba mtumishi mmoja wa treni alichanganya taa nyekundu na ya kijani. Wengine wanabisha hata leo juu ya ajali ile. Lakini Holmgren aliwapa watumishi wa reli nyuzi za sufu wazipange kwa rangi, na akaona ya kwamba wako watu wanaoona mbali vizuri kabisa, ila nyekundu na kijani kwao ni karibu kitu kimoja. Mtu anazaliwa hivyo. Mara nyingi ni mwanamume, naye ameurithi udhaifu huo kupitia kwa mama yake, ambaye mwenyewe anaona rangi zote. Hakuna dawa ya kuuponyesha, wala si kosa la mtu. Anaweza kuwa fundi mzuri sana wa chuma. Lakini usimpe kazi ya kufuata taa za ishara, wala ya kuunganisha nyaya za umeme zinazojulikana kwa rangi.

Halafu, wepesi wa kutenda. Kamyo inayokwenda kilometa 30 kwa saa inapita zaidi ya meta 8 kwa kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kukanyaga breki, mwenzako aliyekuwa meta 8 mbele yako hana tena nafasi. Ndiyo sababu ya kile kifungo na zile taa.

Maulizo juu ya tabia ndiyo yanayodanganywa kuliko yote. «Unapenda kukaa peke yako muda mrefu?» Mtu anajibu anavyodhani mkubwa anataka. Anapewa mashini ya kulinda usiku kucha peke yake, naye ni mtu wa kundi na mazungumzo. Saa nane za usiku macho yanafumba. Na yule anayechungulia karatasi ya jirani anajipatia kazi ya jirani, si yake. Tumewaona.

Lakini tusiuabudu mtihani. Profesa Ombredane na wenzake waliwapa watu wa Kongo mtihani mmoja wa picha mara kadhaa, nao wakatangaza matokeo mwaka 1956: alama zilipanda kadiri watu walivyouzoea. Maana yake, mara ya kwanza mtihani ulikuwa unapima pia ugeni wa karatasi, si akili peke yake. Kwa hiyo usije kufanya mtihani ukiwa umetoka kazi ya usiku. Vaa miwani yako kama unayo. Kama hujaelewa maagizo, sema kabla saa haijaanza kuhesabiwa. Matokeo yakikushangaza, uliza kwa heshima: ni sehemu gani nimekosa, na je, naweza kurudia? Macho yanayochanganya rangi hayatabadilika, lakini mengine mengi yanafundishika.

Watoto wetu wanalikuta jambo hili mapema. Mwisho wa mwaka wa 8 wa elimu ya msingi wanafanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwaelekeza katika masomo yanayofuata. Mara nyingi baba amekwisha kuamua: umeme, kama mimi. Mama anajua kijana anashinda akiwafundisha wadogo zake hesabu, lakini hakuna anayemuuliza. Muulizeni mama, muulizeni mwalimu, na mtoto mwenyewe pia. Na kama mjomba wake, ndugu wa mama, anachanganya rangi, mpelekeni kijana akapimwe macho kabla ya kumwandikisha umeme.