Figiri za uani na dawa ya damu

Mgonjwa wangu mmoja wa Bunju, mama mwenye valvu ya bandia ya moyo, alikuja kliniki na fungu la figiri. "Daktari, hizi nimeotesha mwenyewe." Alichanganya mbegu na mchanga, akazisia kwa mistari, akafukia kidogo tu, akamwagilia asubuhi na jioni. Baada ya mwezi hivi akaanza kuchuma. Nilifurahi, mpaka nilipoona majibu ya kuganda kwa damu: INR 1.6, wakati yeye anatakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5.

Anatumia warfarin ili damu isigande kwenye valvu. Figiri, kama mchicha na matembele, ina vitamini K nyingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Tangu aanze kuchuma alikuwa akila mchana na usiku, na majani machanga kwenye kachumbari (ule ukali wake mtamu, nakubali).

Bustani sikumkataza. Wewe unayetumia warfarin, kula mboga za majani kwa kiasi kilekile kila wiki. Usizidishe ghafla, wala usiache ghafla, maana ukiacha unaweza kuvuja damu. Ukibadili mlo, mwambie daktari wako upimwe mapema. Dozi usiiguse mwenyewe. Mama huyu sasa anakula bakuli moja kwa siku. Zinazobaki anawauzia majirani.