Homa ya Mafua kwa Mtoto: Kipimo cha Malaria Kikiwa Hasi

Katika tambarare ya Maore, chini ya milima ya Upare, mtoto mwenye homa hupimwa kwanza malaria, na ndivyo inavyopasa. Ugumu huja jibu likiwa hasi. Mama huambiwa "ni mafua tu", hupewa dawa ya kushusha homa na kurudi nyumbani. Kwa watoto wengi kauli hiyo ni sahihi, kwani homa ya mafua, yaani influenza, kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya wiki moja. Kwa baadhi yao, neno hilo "tu" ni la hatari.

Kwanza tuangalie umri. Walio chini ya miaka 5 wamo hatarini, hasa walio chini ya miaka 2. Mtoto asiyetimiza miezi 6 yumo hatarini kuliko wote: njia zake za hewa ni nyembamba, kinga yake ni changa, na chanjo ya influenza haitolewi kwa umri wake. Kinga angeweza kuirithi kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, lakini chanjo hiyo haimo katika ratiba ya kawaida nchini mwetu.

Pumu, ugonjwa wa moyo, mtindio wa ubongo, VVU, utapiamlo na kuzaliwa njiti huongeza hatari. Selimundu, au sikoseli, inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Influenza hushambulia mapafu, oksijeni hupungua katika damu, na chembe nyekundu huzidi kujipinda na kuziba mishipa. Wengi hawajapimwa, hivyo mhudumu amuulize mzazi kama mtoto amewahi kuvimba vidole au kuongezewa damu.

Milimani, moshi wa kuni katika jiko lisilopitisha hewa hudhoofisha utando wa njia za hewa. (Baridi yenyewe haizai virusi, ingawa hutukusanya sote kuzunguka moto mmoja.)

Hata hivyo, nchini Marekani karibu nusu ya watoto wanaofariki kwa influenza hawakuwa na maradhi mengine yaliyojulikana. Kwa sababu hiyo pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Kifua kikibonyea ndani, mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, apelekwe hospitali mara moja. Anayetoka milimani asingoje asubuhi.

Asipewe aspirini. Antibiotiki haziui virusi, lakini huhitajika bakteria wakivamia mapafu. Dalili yake mara nyingi ni hii: mtoto hupata nafuu, kisha baada ya siku chache homa hurudi na kikohozi huzidi. Huyo arudishwe kituoni siku hiyo hiyo.