Mkono wa Nyanya

Wengi hudhani kwamba arusi ndogo ni kazi nyepesi kwa mpiga picha. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku moja ya mwaka 2019 tulipofundishwa vingine huko Bukavu.

Baada ya Misa, wageni 25 walikusanyika uani, nyuma ya nyumba moja ya Kadutu. Ua ulikuwa mwembamba kama ujia. Palikuwa na mti mmoja wa avoka, mabenchi ya kuazima, sahani za sambaza na mtungi wa kasikisi.

Ilikuwa saa sita. Bukavu i karibu na Ikweta. Saa hiyo jua husimama utosini, na matundu ya macho hujaa giza. Tena kipima-nuru cha kamera hukisia kila kitu kuwa na rangi ya kijivu ya kadiri. Kikiona nguo nyeupe ya arusi hupunguza nuru, na nyuso zetu nyeusi hugeuka makaa. Basi tuliwaweka maarusi ukingoni mwa kivuli, wakielekea anga, tukaipima nuru usoni mwao, si katika nguo. Picha zikawa safi, nasi tukajisifu moyoni.

Kisha baba wa bibi arusi akaweka mikono juu ya vichwa vya wale wawili, awabariki. Sauti yake ilitetemeka. Sisi tukasogea hatua mbili, kamera ikalia. Mzee akageuka, akasahau neno lake. Katika jumba kubwa hakuna asikiaye mlio huo. Uani, mbele ya watu 25, ni kama sahani iliyoanguka.

Lakini kosa kubwa hatukulijua bado. Nyanya aliyemlea bibi arusi alikaa jikoni, akiangalia sufuria. Hakuja mbele, wala hakuna aliyemwita. Baada ya miezi minne akafariki. Bibi arusi akaja kwetu, akasema: "Mwalimu, nitafutie picha ya nyanya ya siku ile." Tulipekua picha zaidi ya 400. Keki tuliiona mara 19. Nyanya hatukumwona, ila mkono wake tu, ukimpa mtu sahani. Binti aliutazama muda mrefu. "Ndio wenyewe," akasema, akalia.

Zamani filmu ya 120 ilitoa picha 12 tu za mraba. Fundi aliwaza kabla ya kubonyeza. Siku hizi kamera hutoa mamia, nasi twaacha kuwaza.

Tangu hapo twafika mapema, kamera ingali mfukoni. Twasalimu watu wote, kuanzia jikoni, na kuuliza ni nani aliyewalea maarusi. Wakati wa baraka twasimama mahali pamoja, mikono imetulia. Nanyi wazazi mnaoalika mpiga picha, msimwonyeshe keki kwanza. Mwonyesheni wazee wenu. Keki yaweza kuokwa tena.