Kupiga Msasa na Kupaka Vanishi Ngazi ya Mbao Ngumu

Ngazi ya mbao huchakaa upesi kuliko fanicha yoyote ndani ya nyumba, kwa kuwa kila kidato hubeba uzito wote wa mtu juu ya unyayo mmoja, pamoja na mchanga ulionasa kwenye soli, huku kishikio chake, yaani ule mti mrefu unaoshikwa na anayepanda au kushuka, kikipokea jasho na mafuta ya mikono ya watu wote wa nyumba hiyo. Ndiyo maana haifai kuitengeneza kama kabati au meza, ingawa desturi hiyo imeenea, na ngazi nyingi huambuka vanishi mapema kwa sababu hiyo hiyo.

Aina ya mbao huamua mengi. Mninga, unaokua katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, hupendwa kwa kuwa ukishakauka vizuri haupindi wala kupasuka ovyo. Mvule nao ni imara na hauliwi na mchwa kwa urahisi, lakini una kemikali ya asili iitwayo kloroforini, ambayo huchelewesha kukauka kwa vanishi za mafuta, na wakati mwingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake vinavyotia butu makali ya randa na patasi. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, una mafuta mengi yanayoweza kuzuia vanishi isishike, kwa hiyo mbao hizo hufutwa kwa kitambaa chenye thina muda mfupi kabla ya kupaka, kwani zikiachwa muda mrefu mafuta hupanda tena juu.

Kazi huanza kwa kuondoa vanishi au rangi ya zamani, na hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu rangi za miaka ya nyuma ziliweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Rangi inayoshukiwa hivyo isipigwe msasa mkavu, na watoto wasiwepo. Misumari iliyochomoza huzamishwa chini ya uso wa mbao ili isichane msasa, na vidato vinavyolia vinapokanyagwa hukazwa kwa skrubu kabla ya jambo lingine lolote. Mianya midogo huzibwa kwa unga wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi, lakini gundi iliyosambaa pembeni ifutwe mara moja, kwa kuwa huacha madoa yasiyopokea vanishi, na madoa hayo hayaonekani mpaka siku ya kupaka.

Kiini cha kazi yote ni msasa. Namba iliyoandikwa mgongoni mwake hueleza ukubwa wa chembe zinazokwangua, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo: chembe za namba 80 zina upana wa takriban milimita 0.2, ilhali za namba 220 hazifikii milimita 0.1. Kila msasa huacha mikwaruzo ya kipimo chake, na kazi ya msasa unaofuata ni kuifuta hiyo na kuacha midogo zaidi, kwa hiyo anayeruka kutoka namba 60 hadi 180 kwa kuokoa muda hutumia nguvu nyingi na bado huacha mikwaruzo mirefu ambayo vanishi itaifanya ionekane wazi. Mfululizo wa 80, 120 na 180 hutosha kwa ngazi nyingi, na mkono uende sambamba na nyuzi za mbao, kwa maana mkwaruzo uliokata nyuzi haufichiki. Ili kujua kama eneo zima limefikiwa, huchorwa mistari hafifu ya penseli juu ya kidato, kisha msasa hupigwa mpaka yote ifutike, na tochi iliyolazwa chini kando ya ubao hufichua mabonde ambayo mwanga wa kawaida huyaficha. Vidato visipigwe zaidi ya namba 180, kwa kuwa ulaini uliopita kiasi huongeza utelezi na hupunguza mshiko wa vanishi.

Mashine ya msasa hurahisisha kazi katikati ya kidato, lakini haifiki pembeni, na hapo mafundi wa zamani hutumia kipande cha kioo chenye ukingo mkali, kikivutwa kuelekea nyuzi zinakolala. Kishikio hutengenezwa kwa mkono peke yake, kwa ukanda wa msasa wa kitambaa unaozungushiwa mti, baada ya kukisugua kwanza kwa thina, maana mafuta ya ngozi huilainisha vanishi ya zamani ikawa na ulimbo unaoziba msasa.

Vumbi la kazi hii si la kupuuzwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Barakoa inayochuja chembe ndogo ni lazima.

Katika kupaka, mafundi wengi wa fanicha huanza na sila, yaani tabaka la awali la kuziba vitundu vya mbao, kisha vanishi ya kupuliza inayokauka kwa dakika chache. Juu ya vidato mpangilio huo haufai, kwa kuwa sila ya kawaida ni laini na vanishi hiyo hukwaruzika kwa urahisi. Ngazi huhitaji vanishi ya poliuretani, ambayo hujenga utando mgumu, ipakwe matabaka matatu mepesi, na kila tabaka likishakauka lipitishwe msasa wa namba 320 na kufutwa vumbi. Katika mwambao wakati wa masika ukaukaji huchelewa, hivyo ni busara kungoja jua. Wenye nyumba hupaka vidato kwa kupishana, kimoja kikipakwa kimoja kikiachwa, ili watu waendelee kupanda.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta visirundikwe, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokutana na hewa na rundo huweza kuwaka lenyewe. Vitandazwe nje mpaka vikauke.

Mng'ao wa katikati ya kidato ukianza kufifia, msasa mwepesi na tabaka moja la vanishi hutosha. Ikingojwa mpaka mbao igeuke kijivu, kazi yote hurudiwa tangu mwanzo.